Yago ni Dawa ya Ngozi

Niliolewa Nyatike, nyuma kidogo ya Sori, nikitokea Sindo, upande wa Suba, na ndiyo maana mama mkwe huniita Nyar Suba, binti wa Suba. Asubuhi yangu ya kwanza kwa mama mkwe nilifungua mlango nikakuta ardhi yote ya nyuma ya nyumba imefunikwa maua. Yalikuwa mekundu ya kukolea, rangi ya ini, makubwa kama vikombe vya chai, nayo yalikuwa yameanguka midomo chini. Harufu yake haikuwa nzuri, ilikuwa nzito, ya kitu kilichokesha. Mbuzi walikuwa wameshafika na wakiyala taratibu, bila kusukumana, kama watu wanaokula huku wakiwaza mambo mengine. Juu yao matunda yalining'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, mazito, ya kijivu, marefu kama mkono wa mtu mzima. Upepo wa ziwani ulipopita yaliyumba kidogo, kisha yakatulia. Nilisimama pale nimejifunga leso, nikidhani bado naota.

Mti huo kwa Kijaluo huitwa yago. Wenye Kiswahili chao huuita mwegea, lakini mimi sijawahi kusikia mtu wa kwetu akiuita hivyo. Unaota wenyewe kandokando ya mito na kwenye mashamba ya zamani, na hakuna anayeukata ovyo.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, Mkatoliki wa rozari, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi uache unachofanya ili umsikie. Watu walimjia kwa ajili ya ngozi. Hakujiita mganga, na aliyemwita hivyo alimnyamazia mpaka akajirekebisha. Walikuja wenye mapunye, wenye ukurutu, wenye majipu yasiyotaka kuiva. Alichukua tunda lililoanguka lenyewe, akalikata vipande kwa panga, akavianika juu ya bati la jikoni hadi vikakauka vikawa vyepesi kama maganda ya mkate. Kisha alivitwanga na kuchanganya unga wake na samli. Hakumpaka mtu mwili mzima siku ya kwanza. Alipaka tone dogo ndani ya mkono, pale kwenye kiwiko, akamwambia aende nyumbani na arudi kesho yake. Ngozi ikiwaka au ikivimba, basi dawa hiyo si yake. Mwenye homa, mwenye uvimbe unaopanda, au mama aliyebeba mtoto mchanga, hao hakuwagusa kabisa. Aliwaonyesha njia ya kliniki kwa kidevu, akaendelea kuchambua mboga.

Mimi mwenyewe nilipata ukurutu mwaka huo wa kwanza, shingoni na ndani ya mikono. Nilikuwa mgeni, nilikuwa nakumbuka kwetu, nilikuwa nashona sare za shule kutwa nzima mjini Sori na kurudi jioni vidole vikinuka mafuta ya cherehani. Alinipaka. Baada ya muda ngozi ikatulia, ikawa laini kama zamani. Nilipomshukuru kwa kuniponya alisema hajui kama ni yeye. Huenda ni dawa, alisema, na huenda ni kwamba umeacha kulia. Sikuwa najua kwamba alikuwa akinisikia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakuna anayepewa ainywe, maana nilisikia kwamba kwingine watu huchemsha magome yake kwa ajili ya tumbo na mgongo. Aliacha kutwanga. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa na kaka ambaye wakati wa njaa alikula tunda bichi, akaharisha mpaka akawa mwepesi wa kubebwa kama kitoto, na hakupona. Tangu hapo kwao waliapa kwamba mti huo ni wa nje ya mwili. Wengine wanaochemsha, alisema, labda wanajua wanachokijua, lakini yeye hakurithi kipimo chake.

Mume wangu ni fundi wa maboti. Nilimjua kupitia kwa mdogo wake, aliyekuwa akivua samaki kwetu Sindo. Huyu shemeji yangu alikuwa mtu wa mluzi. Ulimsikia kabla hujamwona, na hata ukiwa umekasirika ulijikuta ukiifuata ile sauti kwa kichwa. Ndiye aliyemleta kaka yake Sindo kuziba mashua iliyokuwa ikivuja, akamwelekeza kwa makusudi aje kununua chai kwa mama yangu ilhali kulikuwa na chai karibu zaidi. Nilipoolewa, yeye alibaki Sindo, na kila alipokuja nyumbani aliniletea habari za kwetu pamoja na samaki, akaanza na habari.

Alizama jioni moja ya upepo. Mashua yao ilipatikana ikiwa imepinduka, na wenzake wakiwa wameishikilia, hai, midomo imekufa ganzi. Walisema alikuwa nao, alikuwa akiongea, kisha hakuwa nao. Wavuvi wa Sindo walitafuta, wa Sori wakatafuta, wengine wakaenda hadi upande wa kisiwa cha Mfangano. Mume wangu alikaa ufuoni siku hizo zote akiwa na blanketi mapajani, blanketi la kumfunika nduguye akiletwa. Ziwa lilikuwa limetulia, la rangi ya maziwa, na ndege weupe walitua juu yake kama vile hakuna lililotokea. Hakuletwa.

Kwetu mtu aliyepotelea majini haachwi bila kaburi. Huzikwa tunda la yago mahali pake. Nilikuwa nimesikia jambo hilo tangu utotoni, kama unavyosikia habari za watu wa kale, lakini sikuwahi kufikiri kwamba nitalishuhudia kwenye boma langu. Wazee walipoamua, mama mkwe alisema kwamba tunda atalichagua yeye. Alikwenda chini ya mti wake, akatazama juu kwa muda mrefu, akielekeza moja, akibadili, akielekeza lingine. Mume wangu akapanda akalikata. Yeye akalipokea kwa mikono miwili chini, nalo likamlemea hata magoti yakamkunjika. Akalikumbatia hivyo hivyo hadi ndani. Alilipaka mafuta, akalivingirisha katika shuka na juu yake akaweka shati la mwanawe, akalifunga vifungo kimoja kimoja.

Kulikuwa na jeneza, kulikuwa na wimbo, kulikuwa na vumbi la watu waliotoka pande zote. Katekista alikuja, akasimama mbali kidogo na kaburi, kama mtu ambaye hajaamua ni umbali gani unaofaa, akasali kwa ajili ya marehemu bila kulitaja lililomo ndani. Mama mkwe alimshukuru. Walipofukia, nilisikia udongo ukigonga mbao kwa sauti ile ile inayosikika kwenye mazishi yote, wala masikio yangu hayakutofautisha. Baada ya mvua, watu wengine walipita kuangalia kama kaburini kutaota mti. Hakuna kilichoota, ila majani.

Kuanzia hapo mama mkwe hakugusa tena yago. Matunda yalianguka, akayaacha yaoze. Watu walikuja na ngozi zao, akawaambia dawa imeisha. Mwanamke mmoja alinyoosha kidole kuelekea mtini, ulikuwa umejaa, akasema kwa upole kwamba mbona iko. Mama mkwe akamjibu, "Huyo ni mwanangu. Siwezi kumkata." Yule mama akaomba radhi, akaondoka.

Miaka ikapita kama inavyopita, watoto wakaongezeka, cherehani ikabadilishwa. Kisha mume wangu akaanza kunywa maji bila kushiba na kuamka mara kwa mara usiku, suruali zikimlegea kiunoni. Kliniki ya Sori walimpima wakasema ni ugonjwa wa sukari. Walimpa tembe, wakamweleza namna ya kula. Alizimeza, lakini kwa uso wa mtu anayelipa faini. Alisema tembe zinamfanya ajione mgonjwa, ilhali kabla ya kupewa hizo alikuwa na kiu tu.

Alikwenda Rongo kutafuta mbao. Sokoni kulikuwa na kijana mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa chupa za plastiki, akitangaza dawa ya mti wa asili isiyo na madhara yoyote, ya sukari, ya presha, ya mgongo, ya nguvu za kiume. Kwenye kila chupa kulikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye picha ya tunda la yago. Mume wangu akanunua. Hakuificha. Aliiweka kwenye kivuli cha bati ufuoni, pamoja na randa na nyundo, akawa anapiga funda asubuhi na funda mchana mbele ya mafundi wenzake. Mimi nilikuwa mjini kwenye cherehani yangu, na nilichojua ni kwamba tumbo linamsumbua. Nilidhani ni maharagwe.

Fundi mwenzake alinipigia simu mchana. Nilipofika, mume wangu alikuwa ameketi juu ya mkuku wa mashua mpya, ule uti wa mgongo wa boti ambao mbavu hazijapigiliwa bado. Shati lake lilikuwa limelowa jasho kama lililotoka kufuliwa. Mikono ilimtetemeka juu ya magoti. Alikuwa akitazama maji, uso wake una furaha ndogo, ya faragha.

"Sogea kidogo," aliniambia. "Mpe nafasi akae."

Nikamuuliza nani.

"Husikii anavyopiga mluzi?"

Sikusikia kitu, lakini sitasema uongo, nilisikiliza. Maji yalikuwa yanang'aa mpaka upeo wa macho, vitu vyote vilikuwa kimya, na kwa kitambo nilihisi kwamba nikigeuza kichwa nitamwona shemeji amesimama maji magotini na samaki wangu mkononi. Kisha mume wangu akaanza kuegemea upande mmoja, polepole, nikamdaka.

Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nikimkumbatia asianguke. Fundi mwenzake akanisukumia ile chupa kwenye mfuko, akasema hii ndiyo anayokunywa, heri uende nayo. Kliniki wakamchoma kidole. Nilikuwa najua adui yetu ni sukari kupanda, basi muuguzi aliposema imeshuka vibaya nilidhani amekosea neno. Wakamtilia glukosi kwenye mshipa. Nikamwona mume wangu akirudi usoni mwake, kama mtu anayeingia nyumbani na kuwasha taa chumba kimoja kimoja. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyeachiwa randa yake. Lakini midomo ilikuwa imekauka na mkojo haukupatikana, kwa kuwa kumbe alikuwa akiharisha siku kadhaa bila kuniambia, hivyo wakatupeleka Migori kwa gari la wagonjwa.

Daktari wa Migori alikuwa kijana kutoka Ukambani, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alisoma karatasi za Sori, kisha akavuta kiti akakaa.

"Mama, kando na tembe, anatumia nini? Siulizi ili nimgombeze. Nataka nijue la kufanya."

Nikatoa chupa. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa ya rangi ya chai kuukuu, na chini kulikuwa na tope. Aliniambia kwamba huenda kilichomo kinashusha sukari na tembe nazo zinashusha sukari, na vikishikana vinamvuta mtu hadi chini. Kuharisha kumemkausha, na figo zikikaushwa zinalalamika. Lakini akasema hawezi kuapa, kwa maana hajui ndani kuna nini wala ni kiasi gani, na aliyeichemsha huenda hajui pia. Sindano na maji yaliendelea. Tukasubiri figo.

Mama mkwe alifika kesho yake na thermos ya uji. Alimshika mwanawe nyayo kwanza, zote mbili, kabla hajamtazama usoni. Nilipomwonyesha chupa alifungua, akanusa, akamimina tone kiganjani na kulisugua kwa kidole. Daktari alikuwa akipita, akasimama.

"Hii ni yago," mama mkwe alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko na kitu ingine ndani. Hiyo mimi sijui."

Daktari akamuuliza, kwa heshima, huko nyumbani mtu hunywa kiasi gani.

"Mimi sijawahi pea mtu akunywe. Hii ni ya ngozi peke yake. Ya tumbo sijui kipimo yake, na hata mama yangu hakujua."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Alimwambia kwamba huo mti umeanza kuchunguzwa na wataalamu na kuna wanaouona una manufaa, hasa kwa ngozi, lakini habari za kuunywa bado hazijakamilika, na kwa mtu mwenye tembe za sukari yeye angekataza. Akamwomba awaambie wanaomjia kwa dawa wasiwafiche wauguzi. Mama mkwe akajibu kwamba siku hizi hawaji. Hakueleza kwa nini, naye daktari hakudadisi.

Figo zilirudi. Zilirudi polepole, kwa kunywa na kupima na kungoja, na ilikuwa katikati ya mvua tuliporuhusiwa. Mama mkwe alitaka mwanawe apumzike kwake, basi tukampeleka. Alikuwa mwepesi. Alilala mchana kwenye mkeka barazani, akaamka, akala, akalala tena, na mvua ikashuka na kuacha, ikashuka na kuacha, mpaka nikapoteza hesabu ya siku, na sote watatu tukawa kama watu wanaoishi ndani ya usingizi wa mtu mmoja.

Alasiri moja nilikuwa nikichambua mchele, mama mkwe akiwa karibu na kichwa cha mwanawe. Akamuuliza kwa Kijaluo, bila kumtazama, kwa nini alikunywa.

"Niliona ile picha," alisema. "Nikamwona yeye. Nilijua hawezi kunidhuru."

Matone yalidondoka kutoka paani, na mbali upande wa ziwa kulikuwa na mwanga mweupe usiokuwa wa jua wala wa mwezi.

"Si yeye," mama mkwe akasema mwishowe. "Tuliweka tunda kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kuweka. Ndugu yako yuko ziwani. Huu ni mti."

Mume wangu akafunika macho kwa kiwiko. Nikaona kifua chake kikipanda na kushuka, naye mama akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema kwamba mwanawe yuko ziwani. Nafikiri hata yeye alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza. Aliponiangalia, machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika, na akaniambia, "Nyar Suba, mchele huo umekwisha kuwa safi."

Siku chache baadaye akaja mwanamke wa bondeni akiwa na mapunye kichwani, amejifunika kitambaa kwa aibu. Hakutarajia chochote, alisema, amepita tu kusalimu. Mama mkwe akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi na tunda kwapani, akalikata hapo hapo tukimwona, vipande vyeupe vikianguka kwenye ungo. Kisha akamwambia yule mwanamke kwamba itabidi vikauke kwanza, na kwamba kliniki pia wana dawa nzuri ya mapunye, akipenda aanzie huko. Yule mwanamke akasema atasubiri.

Mume wangu amerudi ufuoni. Ile mashua aliimaliza, akaanza nyingine. Anameza tembe zake bila kukunja uso, na akienda kliniki huwaeleza kila anachotumia, hata tangawizi, mpaka wauguzi wanamcheka.

Mwaka huu nilikwenda Rongo kununua vitambaa vya sare. Kipaza sauti kilikuwa pale pale. Nilisogea hadi mezani, nikamwambia yule kijana kwa sauti ya kawaida yaliyompata mume wangu. Hakubisha. Alizima kipaza sauti, akaniambia kwamba yeye huletewa magome yakiwa yameshakatwakatwa kwenye gunia na mtu wa Kisii, kazi yake ni kuchemsha tu, na picha aliipata kwenye simu. Aliuliza kama mume wangu ni mzima. Nikamwambia ni mzima. Akasema Mungu ni mwema, na nikaona kweli ameingiwa na hofu, lakini chupa zilikuwa zimepangwa mbele yake na siku ilikuwa bado ndefu.

Kando yangu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, chupa mkononi. Alikuwa amesikia yote. Nikamuuliza kama naye ana tembe za hospitali, akasema anazo, za presha. Nikamwambia, jaduong', mzee wangu, uliza kliniki kwanza kabla ya kuinywa, uende nayo waione. Aliigeuza chupa, akatazama tope likipanda na kushuka ndani yake. Akalipa, akaitia kwenye mfuko wa koti, akaniambia ataenda kuuliza.

Nikamtazama akivuka barabara pole pole kuelekea stendi. Sijui kama aliuliza.